Namba Saba kwenye Tangi la Machimbo

Nianze na kopo, maana bila kopo hakuna habari. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, karatasi yake imebanduliwa, na kazi yake kila Jumamosi jioni ilikuwa kupokea kokoto. Gari ulilopewa likipita mbele yako, unatumbukiza kokoto moja. Likipita tena, ya pili. Zikifika ishirini unainua kitambaa cheupe, na dereva anajua amemaliza. Hivyo ndivyo tulivyohesabu mashindano ya mikweche kwenye machimbo ya zamani nyuma ya kilima cha Wazo, miaka ile ya Ujamaa, na mpaka leo sijaona njia iliyo bora zaidi. Kopo halikukosea hata siku moja. Aliyekosea ni mimi.

Watu wakisikia mashindano ya magari hudhani palikuwa na magari. Palikuwa na mabaki ya magari. Mafundi, madereva wa malori, karani mmoja wa stoo na mwalimu mwenzangu wa sayansi waliokota magari yaliyokwisha kufa, wakayang'oa milango na vioo, wakayakaza kwa waya na kamba za katani, kisha wakayafukuzisha kwenye duara la vumbi mpaka yafe mara ya pili. Vumbi lenyewe lilikuwa jeupe, la mawe ya chokaa. Ukirudi nyumbani jirani anakuuliza kama umetoka mashineni kusaga.

Mashindano hayakuwa na kikombe wala zawadi. Penye mlango wa machimbo palikuwa na tangi la chuma lililoshika kutu, halijaona maji tangu enzi za mkoloni. Gari likimaliza mizunguko yote ishirini, hata likiwa la mwisho, hata likimaliza kinyumenyume, namba yake iliandikwa kwa rangi nyeupe kwenye lile tangi. Basi. Hiyo ndiyo tuzo, na wanaume wazima walikosa usingizi kwa ajili yake. Kwa miaka mitatu niliyoyajua mashindano yale, tangi lilikuwa na namba kumi na moja. Saba haikuwamo.

Saba alikuwa mume wangu. Alikuwa fundi wa malori, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, anayeweza kusikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Gari lake lilikuwa kile kigari cha mgongo wa kobe, injini nyuma, ambacho alikikuta mtaroni kule Kibamba, kimeota majani hadi kwenye usukani. Alikivuta kwa trekta la kuazima mpaka nyumbani kwetu Boko, akakiweka chini ya paa la makuti ambalo mimi nilikuwa nimelipangia kuku. Nilinuna wiki mbili. Mimi sinuni kimyakimya. Mtaa mzima ulijua.

Kukitengeneza alikitengeneza. Kumaliza ndiko kulikomshinda. Safari ya kwanza gurudumu la mbele lilichomoka kwenye mzunguko wa tisa, likatangulia peke yake, likapita mstari na kwenda kulala kwenye shamba la mihogo. Watu walisema gurudumu limemaliza, mwenyewe hajamaliza. Safari nyingine usukani ulibaki mikononi mwake. Mara moja alifika mzunguko wa kumi na nane, na mimi nikiwa nimesimama juu ya pipa napiga vigelegele, gari likazima kimya mbele yangu, akaniangalia kwa uso mweupe wa vumbi, akacheka. Usiku ule lakini hakula. Alisema ameshiba, na nilijua hajashiba. Alitaka ile namba iandikwe. Hakuwa mtu wa kutaka vitu. Katika maisha yetu yote naweza kuhesabu vitu alivyovitaka kwa vidole vya mkono mmoja, na hicho kilikuwa kimoja.

Kisha mafuta yakawa haba. Redio ilituambia kila jioni tubane matumizi, na siku moja kiongozi wa eneo letu alikuja machimboni, akasimama juu ya jiwe, akasema kwa upole kwamba kuunguza petroli kwa kuzunguka duara si jambo la nchi inayojenga. Hakuna aliyembishia. Hata sisi tuliona aibu kidogo. Akatuachia Jumamosi moja ya mwisho ya kuagana, na baada ya hapo machimbo yafungwe.

Kwa hiyo ilibaki Jumamosi moja. Amalize au asimalize tena.

Wiki ileile mama mkwe wangu alifika kutoka kusini, upande wa Newala. Alikuja kukaa wiki mbili. Nilimwogopa, sitaficha. Alitaka mwanawe aoe nyumbani, mwanawe akaoa mtu wa milimani kutoka kaskazini, tena mwalimu, tena mwenye mdomo, na mwaka wa pili ulikuwa unakwisha bila mtoto. Hakunitukana. Hakuniambia neno baya hata moja. Alinitazama tu ninavyosonga ugali, kisha akatazama pembeni, na mimi nikauharibu ugali.

Ijumaa jioni mume wangu aliniita kwenye banda la gari. Alikuwa ameshika mkanda wa feni. Mikanda ya dukani ilikuwa imeadimika mjini kote, ikambidi aukate wa kwake kutoka kwenye mpira wa lori na kuushona kwa uzi wa viatu.

"Mwalimu, uangalie huu," alisema. Aliniita Mwalimu kwa utani tangu tulipochumbiana. "Nimeupima kila namna. Una mizunguko ishirini. Ya ishirini na moja hauna."

"Na ukikatika kabla?"

"Hautakatika kabla. Ila asinidai mtu wa ishirini na moja, injini itakaba palepale."

Nilimcheka, nikamwambia sijaona mkanda unaojua kuhesabu. Akasema huu umesoma kwangu.

Sasa, tulikuwa na desturi: mtu hamhesabii ndugu yake. Dereva wa namba saba alikuwa akihesabiwa na muuguzi wa zahanati, na mimi nilikuwa nahesabu gari la karani wa stoo. Lakini Jumamosi ile muuguzi alizuiwa na zamu, na karani wa stoo gari lake halikuwaka kabisa. Nikabaki na kopo bila gari, na saba ikabaki na gari bila kopo. Msimamizi wetu, mzee aliyewahi kuwa nyapara wa machimbo yaleyale na ambaye sote tulimwita Mzee wa Bendera, alikuna kichwa, akauliza watu: "Jamani, mwalimu amhesabie mumewe, kuna mwenye neno?"

"Mwalimu wa hesabu akikosea, nani atapatia?" mtu alisema, na watu wakacheka wakakubali.

Niliona fahari. Na papo hapo nikaapa moyoni kwamba hakuna atakayesema nimempendelea. Hilo ndilo lililoniponza. Mtu anayechelea kupendelea huwa mkali mpaka kwa wake.

Mbio kubwa ilianza jua likizama. Karabai zilikuwa zimewashwa na kuwekwa juu ya mapipa kwenye kila kona, maana taa za magari nyingi zilikuwa macho matupu. Wahesabu tuliketi mstarini kwenye virago, kila mtu na kopo lake kati ya magoti, na rundo la kokoto ubavuni. Kokoto pale zilikuwa bure. Yalianza magari manane. Yalipopita mara ya kwanza, moto, kelele na vumbi vilitufunika pamoja, na mwalimu wa sayansi akapita akipunga mkono kama anaenda harusini.

Nilikuwa makini. Namba saba ilikuwa na sauti yake, kama cherehani iliyopandwa na hasira, nami niliisikia kabla sijaiona. Ikitokea kwenye moshi naona saba nyeupe ubavuni, natumbukiza. Kro. Nasubiri. Kro. Sikupiga kigelegele hata kimoja. Mizunguko ilipofika tisa, magari matatu yalikuwa yamekwisha kufa. Mwalimu wa sayansi naye alikuwa amesimama pembeni akilipiga gari lake teke.

Hapo katikati ndipo nilipohisi mkono begani. Mama mkwe. Alikuwa amekuja kwa miguu na jirani yetu kupitia njia ya mashambani, amejifunika ushungi kwa ajili ya vumbi, ameshika kikombe cha maji. Sikutarajia kumwona pale. Alikuwa amesema mambo ya magari ni ya watoto.

"Pokea maji, mwanangu," aliniambia. "Koo litakukauka."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Kwao na kwetu, katika hili tunafanana: kitu cha mkwe hakipokelewi umekaa, wala kwa mkono mmoja. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikapokea kikombe kwa mikono miwili, nikanywa kidogo kwa adabu, nikamrudishia. Akakaa nyuma yangu kwenye ncha ya kirago. Mimi nikarudi kwenye kopo, na saba ikapita, kro, ikapita tena, kro.

Yalibaki magari mawili. La kwanza, la dereva mmoja wa lori la mchanga, lilimaliza, mhesabu wake akainua kitambaa, watu wakalizunguka. Likabaki la mume wangu peke yake uwanjani. Sauti yake ilikuwa imepwaya, lakini inakuja. Kwa kopo langu aliingia mzunguko wa kumi na tisa. Alipopita mbele yangu alikuwa ametoa kichwa nje akinitazama. Nilitumbukiza kokoto. Akaendelea kunitazama mpaka shingo ikageuka nyuma. Sikuinua kitambaa, maana bado mmoja.

Nilimwona akirudisha kichwa ndani. Akakanyaga tena.

Alifika kona ya mbali, chini ya karabai ya tatu. Tukasikia mlio kama wa mjeledi, kisha ile cherehani ikapiga kelele mara moja, ikanyamaza. Moshi ukapanda ukiwa mweupe ndani ya mwanga. Wanaume wakakimbia kumsukuma, na Mzee wa Bendera akaja kwangu, akachukua kopo, akalimwaga juu ya gunia mbele ya wote, akahesabu kwa sauti kokoto mojamoja. Kumi na tisa.

Mume wangu alikuja akitembea, mkanda uliokatika umening'inia mkononi. Akaangalia kokoto kwenye gunia, akaniangalia mimi.

"Mwalimu," alisema polepole, "una hakika?"

Loo, hapo ndipo ulimi wangu ulipoharibu. Mbele ya watu wote, mama yake yuko nyuma yangu, naulizwa kama nina hakika na hesabu!

"Mie nihesabu miaka yote darasani, nije nishindwe na ishirini? Kopo hilo hapo! Kama unaniona mwongo sema, watu wasikie!"

Alimtazama mama yake, akanitazama tena. Akaukunja ule mkanda taratibu, akautia mfukoni.

"Basi," alisema. "Kumi na tisa."

Watu walimpiga mgongoni wakimpa pole, wakamtania kwamba mkanda wake umetoroka shule siku ya mwisho. Naye alicheka nao. Tulisukuma gari mpaka nyumbani, wanaume sita na mimi, na mama mkwe akatembea mbele akiwa ameshika karabai.

Tulipofika, mume wangu alikwenda kisimani kuoga. Mimi nilikaa jikoni kupasha mboga, na mama mkwe akaja akakaa karibu yangu juu ya kibao cha mbuzi ya nazi. Kwa kawaida alikaa mlangoni. Akaniambia neno ambalo nilikuwa nimelingoja mwaka mzima na zaidi.

"Leo nimeona unampenda mwanangu."

Nikakoroga mboga isiyohitaji kukorogwa.

"Nilikuona," akaendelea. "Ulipotaka kupokea maji, alikuwa anapita. Ukakifunga kijiwe kwenye pindo la khanga, haraka, mtu asione. Mie nikaona. Marehemu bibi yangu alikuwa akifunga hivyohivyo, babu akienda kuwinda, ili arudi salama. Sikujua na nyie watu wa milimani mnafanya. Na amerudi salama, si umeona? Gari limekufa, mtu yuko mzima."

Akanipiga kofi dogo la gotini, akatoka kwenda kutandika.

Mkono wangu ulishuka wenyewe kwenye pindo. Palikuwa na fundo. Nililifungua kwa meno, na kokoto ikadondoka kwenye majivu.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Mkono ulikuwa na kokoto ya mzunguko wa kumi, mkwe amesimama na kikombe, na cha mkwe hakipokelewi kwa ngumi. Vidole vikafanya vilivyozoea tangu nikiwa msichana wa kutumwa sokoni: chochote kidogo cha thamani, kifunge pindoni. Kichwa hakikuulizwa. Mume wangu alikuwa amemaliza ishirini. Alikuwa ametoa shingo dirishani kutafuta kitambaa changu, na mimi nikamwacha aingie wa ishirini na moja, ule ambao mkanda hauna. Kisha nikamfokea mbele ya watu.

Nililia. Niliweka kokoto kwenye chombo cha chumvi, nikapakua chakula, na sikusema.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mara nyingi. Sehemu moja ni kiburi cha mwalimu. Sehemu nyingine ni ule mkono wa mama mkwe gotini. Alikuwa amenipokea kwa sababu ya kijiwe, nami niseme kijiwe hakikuwa chochote ila uzembe uliomnyima mwanawe? Jumapili nikasema kesho. Jumatatu nikasema kesho. Mama mkwe alianza kunichambulia mchicha, akanisimulia habari za utoto wa mume wangu, akacheka na mimi. Kila alipocheka nilijiona mwizi.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa kimya sana. Tulizoea kusikia injini kutoka Wazo tangu alasiri, na siku ile tulisikia kunguru. Mume wangu alikaa kwenye banda la gari, hafanyi kitu. Nilichukua kokoto kwenye chumvi, nikaenda nikampa. Nikamweleza yote, kikombe, fundo, maneno ya mama yake. Nilieleza haraka haraka kama mwanafunzi aliyevunja kioo.

Aliigeuzageuza kokoto kiganjani.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Ishirini. Mie nahesabu mwenyewe, kila mzunguko. Na mkanda nao ulijua."

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. "Ulijua, ukasema basi kumi na tisa? Kwa nini hukunibishia?"

"Nikubishie mbele ya mama?" Aliuliza kwa utulivu kabisa. "Ndiyo kwanza amekuja kukaa nyuma yako. Mwaka mzima namwambia mke wangu ana akili, mke wangu mwalimu. Halafu nisimame mbele ya watu niseme hajui kuhesabu mpaka ishirini?" Akacheka kidogo. "Namba ni rangi tu."

Haikuwa rangi tu. Nilimjua. Nilikaa chini pale kwenye vumbi la banda, kando ya gari ambalo nililinunia, na nikaona aibu na mapenzi kwa pamoja, sikuweza kuvitenganisha.

Jumatatu baada ya shule nilikwenda peke yangu kwa Mzee wa Bendera. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwalimu." Nikaungama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko. Aliniamini, alisema, lakini kopo lilimwagwa mbele ya watu. Akianza kuongeza kokoto nyuma ya watu, basi na zile namba kumi na moja hazitakuwa na maana. Alikuwa sahihi. Hata mimi darasani karatasi ikishakusanywa sipokei jibu jipya.

Nilipokuwa natoka nilipita kwenye tangi. Mfukoni nilikuwa na chaki. Nikatazama huku na huku, nikaandika saba chini ya zile kumi na moja, ndogo, ya chaki, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Rangi haikuwa haki yangu. Chaki niliona ni kati yangu na tangi.

Mvua ya kwanza iliifuta. Nikarudi nikaandika. Hivyo ikawa mazoea. Kila mvua ikinyesha, siku ya pili yake nilizunguka kwa njia ya machimbo na kuandika tena saba. Mume wangu alijua, maana viatu vyangu vilirudi vyeupe, lakini hakuwahi kuniuliza. Injini ya kile kigari, alipofanikiwa kuifufua, ilikwenda kijijini kusini kuendesha mashine ya kusaga mahindi, na alijivunia hilo kuliko alivyosema. Mama mkwe ambaye alikuja kwa wiki mbili, alikaa. Sikumwambia kuhusu kokoto. Nilimwachia bibi yake na babu mwindaji.

Wakati huo ndipo kampeni ya kisomo ilipopamba moto, kila mtu mzima asiyejua kusoma aje darasani jioni. Nilipewa darasa la akina mama, na mama mkwe akawa mwanafunzi wangu, kwenye dawati la mbele, na kibatari chake. Herufi alizichukia. Tarakimu alizipenda, alisema hazina maneno mengi. Ila saba ilimshinda. Nilikuwa nimewafundisha kwamba saba ni jembe lililoegemezwa ukutani, na yeye kila mara aliliegemeza upande usio wake, mpini huku, bamba kule.

"Mama, umeigeuza," nilimwambia kwa mara ya kumi.

"Mwanangu, mie nimelima tangu sijaota meno," alijibu, na darasa zima likacheka. "Jembe linaegemea upande wowote. Mwenye shamba ndiye anayejua."

Nikamwacha na saba yake.

Mwaka uliofuata, wakati wa masika, nilipata mtoto. Haikuwa rahisi, nililala hospitalini siku kumi na mbili, na mvua ilinyesha siku zote hizo, usiku na mchana, mpaka mabati ya wodi yakatuzoea. Nililala nikiwaza mambo ya kipuuzi ambayo mzazi huwaza. Mojawapo lilikuwa tangi. Nilijiambia acha, ni chaki tu, hata mwenyewe amesahau.

Mume wangu alikuja kutuchukua na lori la karakana. Nilimwomba tupitie njia ya machimbo. Hakuuliza kwa nini. Alisimamisha lori penye mlango, akafuta kioo kwa kiwiko, na sote wawili tukatazama.

Saba ilikuwepo. Ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika, imekandamizwa mpaka chaki imeingia kwenye kutu, na mistari yake inatetemeka. Ilikuwa imeandikwa asubuhi ileile, maana usiku mvua ilipiga.

"Si mie," alisema mume wangu. "Nilidhani umemtuma mtu."

Ile saba ilikuwa inatazama upande usio wake.

Mume wangu akawasha lori, tukaenda nyumbani. Mama mkwe alitoka mlangoni, miguu yake imeroa tope jeupe hadi kwenye vifundo, akanyoosha mikono yote miwili kumpokea mjukuu. Alipoinama niliona pindo la khanga yake lina fundo, na unga mweupe wa chaki umepenya kwenye kitambaa. Alijua tangu lini, na nani alimwambia, sikuuliza wakati ule na sasa hayupo wa kumuuliza. Nilimpa mtoto. Kisha nikapiga goti pale mlangoni, kwenye matope, nikamwamkia.